Ijumaa Yake, Jumamosi Yangu

Habari ya kifo cha Sefu niliipata Jumamosi jioni, nilipowasha simu. Tangu ninunue simu yangu ya kwanza huwa naizima Ijumaa kabla jua halijazama na kuiwasha kesho yake nyota zikishaonekana, kwa hiyo yeyote anayekufa katikati ya saa hizo huzikwa bila mimi. Ujumbe ulitoka kwa namba nisiyoijua. "Shikamoo baba mdogo. Mimi Athumani, mtoto wa Sefu wa Muheza. Baba ametutoka jana alasiri, tumemzika leo baada ya adhuhuri. Aliacha maagizo kwamba wewe upewe habari, ila tusijisumbue kukupigia kabla ya Jumamosi jioni, kwa maana hutapokea." Nilikaa mezani na maneno yale ya mwisho, mke wangu akiniuliza mbona sili, nami nikimjibu kwamba nimeshiba. Sefu hakuwa mtu wa mafumbo. Alikuwa anawaeleza wanawe jambo la kawaida kuhusu rafiki yake, kama mtu anavyosema fulani hanywi chai. Lakini mimi niliijua siku ambayo jambo lile alilijifunza.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita nilipofika Dubai, katikati ya miaka ile ya elfu mbili na kumi, na katika mwaka mmoja nilipata kila nilichokuwa nimemwomba Mungu. Sisemi hivyo kwa shukrani. Sisi ni Abayudaya, Wayahudi wa vilima vya karibu na Mbale, mashariki ya Uganda, na mwezi wa Eluli, ule wa mwisho kabla ya mwaka wetu mpya, asubuhi na jioni tunasoma sala moja ambayo mwombaji anaomba jambo moja tu: akae nyumbani mwa Mungu siku zote za maisha yake. Wenzangu waliisoma wakipiga miayo. Mimi iliniingia nikiwa na miaka kumi na miwili na haikutoka tena. Sikutaka kuwa mwalimu wa dini wala mtu wa kusifiwa. Nilitaka nisiwe mbali naye, hata siku moja, mpaka nife. Sasa nina mvi, naishi Malaba upande wa Kenya, na nikiulizwa ni jambo gani baya zaidi nimewahi kulitenda, nitasema nililitenda kwa ajili ya ombi hilo.

Hata Kiswahili hiki ninachoandikia ni cha Sefu. Nilifika na kile cha askari na cha wachuuzi wa mpakani, cha kuamrisha na cha kupatana bei, na siku ya kwanza aliponisikia alicheka hadi akaketi. "We Natani," akasema, "Kiswahili chako kimevaa buti." Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, Mtanga, mwembamba, mlinzi kama mimi, na alilala kitanda kilichopakana na changu katika nyumba kuukuu kule Rashidiya ambayo kampuni ilikuwa imeikodi na kuigawagawa kwa mbao. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinane vya juu na chini, dirisha moja lililozibwa na kiyoyozi, na kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu ya paa na mazungumzo yakakatika, kisha yakaendelea pale pale yalipoachwa. Jioni nilimenya vitunguu, yeye akipika, naye alinirekebisha bila kuchoka na bila kuniaibisha mbele ya wengine. Kila sentensi iliyonyooka humu ameinyoosha yeye, zikiwemo zile zitakazonihukumu.

Wenzetu chumbani walidhani mimi ni Msabato. Nilikataa kufanya kazi Jumamosi, sili nguruwe, sinywi pombe na watu nisiowajua, basi hesabu yao ikaishia hapo, nami nikaiacha. Niliogopa. Sikuwahi kumsikia mtu akiitukana imani yetu pale, lakini nilikuwa nimefika kwenye mji ambao sikudhani una Myahudi mwingine hata mmoja, na mtu aliye peke yake huogopa hata kabla ya kutishwa. Sefu ndiye aliyenigundua. Alinisikia asubuhi nikinong'ona, akasubiri nimalize, akasema, "Wewe si Msabato. Wasabato huimba. Na hiyo lugha ina harufu ya Kiarabu." Nikamwambia ukweli. Akafikiri kidogo, akauliza ni nini nisichokula. Nikamtajia: nyama isiyochinjwa na watu wetu, na katika vitu vya majini, chochote kisicho na magamba na mapezi. "Pweza?" Nikasema hapana. "Kamba?" Hapana. "Yakhe," akasema kwa huzuni ya kweli, "dini yenu ilitungwa mbali na pwani." Lakini kuanzia siku ile tulikuwa na sufuria moja, yangu na yake, na mtu yule wa pwani hakula pweza wala kamba mwaka mzima ili sufuria ile ibaki safi.

Kazi yetu ilikuwa katika jengo moja refu la makazi kule Marina: saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na moja jioni, siku sita kwa wiki. Siku za mapumziko zilipangwa ofisini na mtu asiyetujua. Mimi, niliyeandikwa Mkristo, nilipewa Ijumaa. Sefu, Mwislamu, alipewa Jumamosi. Alipoisoma orodha alicheka mpaka machozi, akasema mpangaji yule ametupa kila mmoja mke wa mwenzake. Kuomba mabadiliko rasmi kulitaka barua yenye sababu, na sababu yangu sikutaka kuiandika popote. Basi tukabadilishana wenyewe. Wakazi walitazama sare, hawakutazama sura. Kilichohesabika ni kadi yenye jina iliyoning'inia kifuani na saini kwenye daftari la zamu. Alhamisi jioni Sefu aliiacha kadi yake juu ya kitanda changu, na Ijumaa nilisimama mlangoni nikiitwa Sefu, yeye akaenda msikitini. Nami, Ijumaa alfajiri kabla ya kuondoka, niliiacha yangu kitandani kwake, na Jumamosi Sefu akawa Natani. Hatukuwahi kuikabidhi mkono kwa mkono. Iliwekwa kitandani, basi, kama mtu anavyoacha ufunguo mahali unapojulikana.

Alikuwa na lake. Watu wengi wa Dubai huenda Umra kwa basi, siku mbili barabarani hadi Maka, na Sefu alikuwa ameshajiandikisha safari ya mwezi wa kumi na mbili. Alizungumza habari hiyo akikoroga mboga, akizungumza na sufuria zaidi ya kuzungumza nami. Hakuwa mcha Mungu wa kujionyesha. Alikuwa akitukana foleni na akisengenya wapishi. Lakini akilitaja jengo lile jeusi sauti yake ilishuka. Alisema akiligusa mara moja, hata kwa ncha ya kidole, atarudi Muheza na hatadai kitu tena duniani. Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Tulikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Bwana Levi nilikutana naye Ijumaa moja, nikiwa na kadi ya Sefu kifuani. Alikuwa mkazi wa ghorofa ya kumi na nne, mzee wa Afrika Kusini mwenye miguu mibovu, na alikuwa akisubiri lifti na mfuko wa mikate huku akiimba wimbo chini chini. Ulikuwa wimbo wa kuikaribisha Sabato. Si kwa sauti tuliyoimbia sisi Mbale, lakini mifupa ya wimbo ni ile ile, na alipofika katikati akasita kukumbuka, mimi nikamalizia. Sijui nilitarajia nini. Mzee aliitazama kadi iliyosema Sefu, akanitazama usoni, na rangi ikamtoka. Lifti ikafika, ikaondoka bila yeye. Nikamwambia kwa Kiingereza, nikinong'ona, mimi ni nani hasa na ninatoka wapi. Akaniuliza maswali matatu ambayo Myahudi tu angeyajibu, nikayajibu. Ndipo akashusha pumzi na kusema kwamba nyumbani kwake, kila Sabato, wanakutana watu wachache kusali, kimya kimya, na kwamba nikimaliza zamu nipande. Nilipanda kwa ngazi, kwani Sabato hatubonyezi lifti, ghorofa kumi na nne. Sikuhisi magoti. Niliamini kabisa kwamba Mungu alikuwa amenitoa Mbale, akanivusha bahari, akaniweka mlangoni pa nyumba yake bila mimi kujua ni nyumba ya nani.

Chumba chenyewe kilikuwa sebule: viti vya kulia chakula vimepangwa safu mbili, mapazia yamefungwa, kabati la vyombo ambamo nyuma ya sahani waliiweka hati ya Torati imefunikwa kwa kitambaa cha meza. Harufu ya samaki wa kuoka na ndimu. Wanaume saba au wanane, wafanyabiashara na mainjinia, walionisalimia kwa adabu. Chakula kilipokwisha kuliwa, joto likazidi, na mke wa mzee, Madam Ruti, akasema hewani, bila kumwambia mtu, "Mbona humu kuna joto sana," na macho yake yakapita kwangu, yakapita kwenye swichi ya kiyoyozi. Mtu wa imani nyingine asingeelewa kitu. Angeona joto, angeinuka, angewasha, na hakuna aliyeombwa. Hiyo ndiyo njia ya zamani ya kupata msaada siku tusiyoruhusiwa kuwasha kitu. Mimi niliielewa, kwa sababu nyumbani tulimfanyia hivyo hivyo jirani yetu Mwislamu. Sikuinuka. Madam Ruti akatambua alichokifanya, akaona haya, akaniongezea samaki mara mbili. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyekuwa mbaya mle, na ndiyo maana hata leo sina wa kumtupia lawama.

Kuna sala ambazo hazisaliwi, na hati ya Torati haifunguliwi, mpaka watimie wanaume kumi wa imani yetu. Mara nyingi hatukutimia. Wiki ya pili, mwanamume mmoja msomi mwenye ndevu nyeupe alipomwona mzee Levi ananihesabu kwa macho, alimvuta jikoni, nami nikasikia kila neno kupitia dirisha dogo la kupitishia vyombo. Alisema wazee wa kwetu waliingia imani hii wenyewe, bila mwalimu, na kwamba jopo la walimu wa dini lililokuja kututhibitisha baadaye si jopo ambalo yeye anaweza kulitegemea. Alisema si dharau. Alisema akinihesabu kimakosa, sala yote ni bure. Mzee Levi akasema, "Kwangu mimi kijana huyu ni Myahudi." Yule akajibu, "Basi sali naye. Usimhesabu." Baadaye mzee alinieleza kwa upole, mkono wake begani mwangu, kwamba nyumba si yake peke yake. Nikamwambia naelewa. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu: kwamba nisipochoka, nikiwa mwangalifu kuliko wote, nisipovunja hata nukta ya sheria, siku moja watanihesabu. Miezi tisa nilipanda ngazi zile. Ijumaa usiku nililala nyumbani kwa mzee, katika chumba cha mfanyakazi kilichokuwa nyuma ya jikoni, na Jumamosi nzima, ghorofa kumi na nne chini yangu, Sefu alisimama mlangoni akiitwa Natani. Nje ya sebule ile, yeye peke yake duniani ndiye aliyejua nilipo, na nilikuwa nimemwapisha asimwambie mtu.

Jumamosi ninayoizungumza ilikuwa ya mwezi wa kumi na moja. Tulikuwa mle wanaume tisa wa kuhesabiwa, na mimi. Wote walikuwa wameketi, vitabu vimefungwa, wanamsubiri mgeni mmoja wa hoteli aliyeahidi kuja. Ndipo simu yangu ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimesahau kuizima. Ilikuwa ndani ya begi langu kwenye sakafu ya mbao, na ilinguruma pale chini hadi kila mtu akageuka. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Sefu hakuwahi kunipigia Jumamosi hata mara moja, ndiyo maana nilijua ni yeye, na nilijua ni jambo zito. Mzee Levi akainama sikioni mwangu. "Kama ni hatari kwa mtu, shuka ukaangalie. Hakuna atakayekulaumu." Nilitazama ndevu nyeupe mbele yangu. Nikasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Hapana. Ni Sabato." Simu iliita mara kumi na moja. Mara ya saba au ya nane nilikuwa naona fahari. Nataka liandikwe wazi: fahari, mbele ya watu tisa. Mara ya kumi na moja ikakatika katikati, na muda si mrefu mlango ukafunguliwa, akaingia mgeni wa hoteli, kijana mwenye kandambili za ufukweni na nywele zilizolowa, akaomba radhi kwamba hajasali tangu arusi ya dada yake. Wakatimia kumi. Hakujua ukurasa. Mimi ndiye niliyemfungulia kitabu.

Kilichotokea chini nilikijua jioni. Mkaguzi wa kampuni yetu alikuwa amekuja bila taarifa, mtu wa kulinganisha picha na nyuso, na akamkuta aliyevaa kadi ya Natani ni Sefu. Msimamizi wetu, Mkenya anayeitwa Kiprono, akampa Sefu nafasi: nipatikane kwa simu ndani ya nusu saa nithibitishe kwamba ni makubaliano. Sefu akapiga. Walipomuuliza Natani yuko wapi, akasema hajui. Angeweza kuinua kidole tu na kuonyesha dari. Akasema hajui, tena na tena, mpaka wakamvua kadi.

Sheria yetu inaruhusu kuivunja Sabato kuokoa uhai, na kazi si uhai. Hivyo ndivyo nilivyojitetea usiku kucha, na kwa habari ya simu ningeweza kuendelea kujitetea hadi leo. Lakini Jumapili asubuhi Kiprono aliniita kwenye chumba cha kamera, akafunga mlango. "Natani, mimi sitaki stori mingi," akasema. "Huyu jamaa anasema mlikuwa mnabadilishana. Kama ni hivyo, nyinyi wawili mnapata barua ya onyo, na mnahamishwa. Kuna hoteli huko Hatta inataka watu. Kama alichukua tu kadi yako ndio asaini saa zako, hiyo ni wizi, anaenda kwao wiki hii, na wewe unakatwa siku moja tu ya kukosa kazi. Sasa niambie. Ulimpa kadi?" Hatta iko milimani, mwendo mrefu kutoka Marina, na siku ya Sabato hatupandi gari. Hatta maana yake ilikuwa nisiione tena sebule ile. Niliona mapazia yaliyofungwa, nikaona hati nyuma ya sahani, nikamwona mzee Levi akinihesabu kwa macho. Nikasema, "Niliiacha kitandani." Kiprono akaandika. "Kwa hivyo hukumpa mkononi." Nikasema tena, "Niliiacha kitandani." Lilikuwa neno la kweli. Hakuna hakimu duniani angepata uongo ndani yake. "Khalas," akasema Kiprono, na hakunitazama tena.

Sefu alikunja nguo zake Jumatano. Wenzetu walikuwa kazini. Tulikuwa wawili, na ndege zikipita. Nilingoja aniulize kuhusu kitanda, kwa sababu Kiprono lazima alikuwa amemsomea. Hakuuliza. Alinipa sufuria. "Kaa nayo wewe. Hawa wengine watapikia kitimoto, hao nguruwe wao." Alifunga zipu ya begi, akalipima uzito kwa mkono, kisha akauliza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Siku ile, walitimia kumi?" Nikasema walitimia. "Alhamdulillahi," akasema, na alikuwa anamaanisha. Alidhani wa kumi ni mimi. Basi lake la Maka liliondoka wiki tatu baadaye, na kiti chake nadhani alipewa mtu mwingine.

Nilibaki na nyumba ya Mungu. Jumamosi ya Sefu ilipobaki wazi kwenye orodha, nilipewa mimi. Sabato iliyofuata nilipanda, na nyingine, na nyingine, hadi mkataba ukaisha. Hawakunihesabu. Siku moja, watu walipoanza kuwa na wasiwasi kuhusu wageni wasiojulikana, mzee Levi aliniomba, akiwa na aibu, kama ningeweza kuketi karibu na mlango na kuwatazama wanaoingia, kwa vile mimi ni mzoefu wa kazi hiyo. Nikakubali. Wao walisali wakielekea magharibi, upande wa Yerusalemu, mimi nikielekea mlangoni. Nilichoomba nikiwa na miaka kumi na miwili kilikuwa kimetimia neno kwa neno. Sikuwa nimetaja nikae sehemu gani ya nyumba.

Miaka iliyofuata nilimpigia Sefu mara moja tu. Alipokea kwa kelele, akanicheka kwamba Kiswahili changu kimeanza kuvaa buti tena, akauliza, "Bado unasali?" Nikasema bado. Tukazungumza habari za mvua. Kila mwezi wa Eluli niliandika ujumbe wa kumwomba radhi, nikaufuta. Imani yetu inasema kosa la mtu kwa mtu Mungu hana mamlaka nalo mpaka aliyekosewa asamehe, na mimi nilikuwa nikienda mbele ya Mungu kila mwaka nikijifanya sijalisikia somo hilo. Aliyekosewa akifa, njia inayobaki ni moja. Mkosaji huenda kaburini na watu kumi, hukiri mbele yao, nao humjibu mara tatu kwamba amesamehewa. Kumi hao, kwa sheria, wawe wa imani yetu. Ningeweza kuuliza walimu kama kwa Muheza, pasipo na Myahudi, kuna ruhusa. Nilijua watakavyojibu, sikuuliza.

Nilifika Muheza Alhamisi. Mjane wa Sefu, shemeji Mwanaidi, alinipokea ukumbini, akanitazama kwa muda, akasema, "Ndiyo wewe Natani. Alikuwa akituambia, Jumamosi mimi nilikuwa Natani, watoto wanacheka." Akaniandalia wali na samaki. "Nimekutafutia samaki changu," akasema. "Alisema asiye na magamba usimwekee." Nikala. Nilimuuliza Sefu alirudije kutoka Dubai, alisema nini. Akajibu mkataba uliisha. Alirudi na zawadi za watoto na hakutaka kwenda tena. Usiku nilimweleza Athumani kwamba kwetu kuna desturi ya kuzuru kaburi na watu kumi, na kwamba nina neno la kusema. Hakuuliza neno gani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye mikono ya baba yake. "Nitakupatia, baba mdogo," akasema. "Si kazi."

Ijumaa, saa tano asubuhi, tulikwenda makaburini. Udongo ulikuwa bado umeinuka. Athumani akahesabu wajomba na majirani, akahesabu tena, akaja kwangu akiwa na wasiwasi. "Baba mdogo, mmoja amekwama shambani. Tuko tisa. Tumngoje?" Mjomba wake Sefu, mzee mmoja mwenye fimbo, akaingilia kati kwa sauti ya mtu aliyechoka kusimama. "Tisa vipi? Kwani huyu si mtu? Tumetimia kumi. Haya, sema, bwana, jua linapanda." Kwa miezi tisa na zaidi nilikuwa nimepanda ngazi kutafuta neno lile. Nilipopewa nilitamani ardhi inifunike.

Nikasema. Nilisema habari ya kadi, ya simu iliyoita mara kumi na moja, ya Sefu aliyekataa kuonyesha dari. Nikasema nilivyoulizwa na nilivyojibu, maneno yale mawili ya kweli. Nikasema basi la Maka. Nilisema kwa Kiswahili chake, chote kimenyooka. Nikamaliza, nikawaeleza kwamba sasa, kwa desturi yetu, huwa wanajibu mara tatu. Mzee mwenye fimbo aliinamisha kichwa. Athumani alikuwa ametazama kaburi, si mimi. "Baba alituambia mkataba uliisha," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Wiki ile ya mwisho alikuwa anaitaja Maka. Alikuwa anatuuliza basi limefika wapi." Nikamwomba, kwa jina la baba yake, aseme tu, hata mara moja. Akatikisa kichwa polepole. Hakuwa na hasira usoni; ningepata nafuu kama angekuwa nayo. "Hilo siwezi kumsemea, bwana," akasema. Alikuwa ameniita baba mdogo tangu nishuke.

Adhana ya Ijumaa ikasikika. Walinifuta vumbi begani kwa adabu, wakatangulia, nami nikawafuata hadi msikitini kwa sababu sikujua njia nyingine. Wakavua viatu, wakaingia wote. Nilibaki nje karibu na mlango, uso nimeuelekeza barabarani, mikono nyuma, kama nilivyofundishwa. Mtoto mmoja aliyechelewa aliniuliza kama ninamngoja mtu. Nikamwambia hapana, apite haraka, wameshaanza. Ijumaa ilikuwa zamu yangu.